Njia za Mitaa Yetu, na Nani Yampasa Kuzitengeneza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wa mtaa mmoja katika miji hii ya pwani wametuletea mas-ala, na wametutaka tuyajibu hapa ili faida yake iwafikie na wengine. Mas-ala yenyewe ni haya. Njia ya mtaa wao imeharibika tangu masika ya mwaka wa juzi. Mtaro umezibika, maji ya mvua yamekutana na maji machafu yatokayo majumbani, na katikati ya njia pamekuwa shimo ambalo gari hulipita kwa taabu, na mtu mwenye nguo safi halipiti kabisa. Wakaenda kulalamika kwa wakubwa wa mji mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mara ya nne wakaambiwa: sisi tutatoa mawe ya kabro na mafundi, nanyi wakaazi toeni thuluthi ya gharama, na kazi ya kuchimba mtaro iwe yenu. Waliporudi msikitini na khabari hii wakagawanyika. Kuna waliosema: hatutoi hata senti moja, kwani njia ni ya serikali na kodi tumekwisha lipa. Wengine wakasema: sisi ndio tupitao hapa, basi na tutoe tupumzike. Na kundi la tatu, ambalo ndilo kubwa, halikusema neno; lilivaa viatu likenda zake.

Lau kama mambo yangaliishia hapo tusingaliandika sana. Lakini tulihudhuria jeneza katika mtaa huo. Maiti alikuwa bibi mzee, na nyumba yake ilikuwa ndani, kupita lile shimo. Waliochukua jeneza waliingia majini mpaka vifundo vya miguu, na mmoja wao akateleza, jeneza likainama upande mmoja, watu wakapiga kelele, na lau si kijana mmoja aliyelitia bega tungaliona jambo ambalo hatupendi kulitaja. Walipofika msikitini baadhi yao walikuwa na najisi nguoni, wakarudi kwenda kujitoharisha, na sala ya jeneza ikawapita. Na katika wale waliokuwa chini ya jeneza walikuwamo watu wa makundi yote mawili, wasemao tutoe na wasemao hatutoi. Hao walikuwa bega kwa bega chini ya maiti mmoja, na baada ya maziko wawili katika hao, mmoja mzee na mmoja ni kijana amwitaye ami, wakapitana pasina salamu. Hilo ndilo lililotushughulisha zaidi kuliko shimo.

Kwanza tuwakumbushe ndugu zetu jambo ambalo wengi wetu tulilisoma tukiwa wadogo chuoni, khalafu tukaliacha huko huko chuoni. Njia katika dini yetu si jambo dogo la kidunia ambalo masheikh hawana haja nalo. Mtume (S.A.W.) alipoeleza ya kuwa imani ina matawi zaidi ya sitini, au zaidi ya sabini, aliweka juu kabisa neno la kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na akaweka la chini kabisa kuwa ni kuondoa chenye udhia njiani. Basi mwenye kuiona kazi hii ni ya mafagio na si ya imani, ametoa tawi moja katika mti ambao Mtume mwenyewe ameuhesabu matawi yake. Na Abu Barza, naye ni sahaba, alimwomba Mtume amfundishe jambo la kumfaa, na jawabu aliyopewa ilikuwa ni kuondoa udhia katika njia za Waislamu. Na katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, mna khabari ya mtu aliyekuta tawi la miba njiani akaliweka kando, Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamsamehe. Tawi moja tu la miba! Basi ni vipi mtaro uliozibika miaka miwili, ambao kila siku wapita juu yake watoto wa madrasa, na wazee waendao sala ya alfajiri kungali giza?

Na yajulikana kauli ya Sayyidna Umar bin Khattab, ya kuwa aliogopa kuulizwa na Mwenyezi Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Umar alikuwa Madina, na Iraq ni mwendo wa siku nyingi. Kauli hii hupendwa sana na wale wasemao hatutoi, nao huitaja kila mkutano. Nasi twasema: wameitaja kwa haki, na viongozi wetu wanastahiki kuisikia. Lakini mwenye kuitaja aikumbuke na khabari ya tawi la miba, kwani yule mtu hakusimama mbele ya lile tawi akangojea Umar atoke Madina.

Sasa tuje katika hukumu yenyewe. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi, akiwamo Imam Nawawi katika Minhaji, wamezigawanya njia mafungu mawili, na aliyesoma mlango wa suluhu atakumbuka. Kuna njia ipenyayo, yaani yenye kuingilia upande huu na kutokea upande wa pili. Hiyo ni haki ya watu wote, hana mtu kuimiliki, wala kujenga ndani yake chenye kuwadhuru wapitao. Na kuna njia isiyopenya, ile ambayo mwisho wake ni ukuta au mlango wa mtu. Hiyo ni milki ya shirika ya wale wenye milango ndani yake. Na kila mmoja shirika yake yaanza kwenye mdomo wa njia mpaka kwenye mlango wake. Aliye mwanzo mwanzo hana haki na kule ndani, na aliye ndani kabisa ana shirika tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tazameni basi jinsi fungu hili linavyotufaa. Katika mitaa yetu ya zamani, vichochoro vingi ni vya namna hii ya pili. Watu wake wakisema, na serikali ije ifagie kichochoro chetu na itutilie mawe, wanaomba hisani, nayo yaweza kuja au isije; lakini asli ya jambo ni juu yao wenyewe, kama ukuta walioshirikiana. Ama njia ipenyayo, ipitayo watu wa mtaa na wasio wa mtaa, na mikokoteni na tuktuk na magari ya mizigo, hiyo asli yake ni juu ya baitul-mali, yaani mfuko wa umma. Na njia tuliyoulizwa, kwa tulivyoiona kwa macho yetu, ni njia ipenyayo, ila ina vichochoro viwili visivyopenya vinavyomwaga maji yake ndani yake. Kwa hivyo wale wasemao yote ni juu ya serikali wamekosea kwa sehemu, na serikali iwaambiayo watoe bila ya kuwaeleza kwa nini nayo imekosea kwa sehemu.

Je, mfuko wa umma ukiwa hauna kitu? Mas-ala haya hayakuanza leo. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka wa 450 Hijria, ambao ni 1058 wa miladi, aliyazungumza katika kitabu chake cha hukumu za utawala, katika mlango wa hisba. Alitoa mfano wa mji ambao maji yake yamekatika, au ukuta wake umebomoka, au misikiti yake imeanguka. Akasema kwa maana ya kuwa, ikiwa baitul-mali ina mali, basi muhtasib aamrishe yatengenezwe kwa mali hiyo, na wenyeji hawana lawama. Na ikiwa haina, basi amri yawaelekea wenye uwezo wote wa mji kwa jumla, bila ya kumshika mmoja peke yake. Huambiwa kila mtu atoe kilicho chepesi kwake na ambacho nafsi yake imeridhia, na asiye na mali asaidie kwa kazi ya mikono yake. Na aliyeahidi hushikwa na ahadi yake mpaka kazi ikamilike. Hebu yapimeni maneno haya ya miaka elfu moja iliyopita na yale waliyoambiwa ndugu zetu. Shirika kati ya mfuko wa umma na wakaazi ni jambo ambalo wanavyuoni wamelijua na kulipangia adabu zake kabla ya kuzaliwa serikali zote tuzijuazo.

Lakini adabu ya kwanza ni kuthibiti kwamba mfuko kweli umepungukiwa. Hapa twapenda kuikumbusha khabari ya Sheikh Izzuddin bin Abdissalam. Watatari walipoikaribia Misri, Sultani Qutuz alitaka kuchukua mali za raia kwa ajili ya jeshi, akawaita wanavyuoni. Sheikh hakukataa, wala hakukubali tu. Aliweka sharti, ya kuwa kwanza baitul-mali iwe haikubaki kitu, na wakubwa wauze mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao, kila askari abaki na farasi wake na silaha zake, wawe sawa na raia wa kawaida. Khalafu ndipo raia waombwe. Na vita vyenyewe, vya Ain Jalut, vikapiganwa mwaka wa 658 Hijria, ambao ni 1260, na Waislamu wakashinda. Ikiwa sharti hii iliwekwa adui yuko mlangoni, basi kwa ajili ya mtaro na mawe ya kabro si utovu wa adabu mkaazi kuuliza: magari makubwa ya wakubwa ni mangapi, na safari zao ni ngapi, kabla ya kumwambia muuza mahamri atoe fungu lake?

Na waulizao wasidhani kwamba wanaomba sadaka. Haki ya mkaazi wa Kenya katika jambo hili imeandikwa. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya barabara za kaunti na taa za njiani, na barabara kuu za nchi ikaziacha kwa serikali kuu. Na barabara nyingine za mijini zimo mkononi mwa idara ya serikali kuu iliyowekwa kwa sheria ya 2007. (Jueni kwanza njia yenu ni ya nani, kwani tumeona watu wakipeleka barua miaka mizima kwenye mlango usio wake.) Kaunti zimepewa ruhusa ya kutoza kodi ya majumba na viwanja. Na juu ya hayo, tangu sheria ya 1993, kila anunuaye petroli au dizeli hutozwa ushuru wa kutengeneza barabara ndani ya bei yake. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita, na mwezi wa Julai 2024 ukapandishwa ukawa shilingi 25. Asiye na gari asiseme hayamhusu; yeye huulipa katika nauli ya matatu, na katika bei ya unga ulioletwa kwa lori, na katika samaki wa chombo chenye mashine. Basi kauli ya ndugu zetu, ya kuwa kodi tumekwisha lipa, ni kauli ya kweli, na hatumruhusu mtu kuwacheka kwayo.

Ila kweli hii ina kazi yake, na ndugu zetu hawajaitia kazini. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya matumizi ya kaunti, kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, yatakiwa yafikishwe katika bunge la kaunti kabla ya kwisha mwezi wa Aprili, na Katiba imelazimisha wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo huitishwa. Tumeuliza ni wangapi katika waliopigana msikitini kwa ajili ya njia hii waliohudhuria hata mmoja, tukaambiwa ni mtu mmoja, na naye alikwenda kwa kuwa palikuwa na chakula. Twacheka, lakini ni kicheko cha uchungu. Mwenye deni hadaiwi barazani baada ya Isha mbele ya watu ambao si wadaiwa. Hadaiwi ila mbele yake, kwa karatasi, na kwa mashahidi.

Tukija kwa wale wasemao tutoe tu tupumzike, nao tuna neno nao, kwani nia yao ni njema lakini mwendo wao una hatari. Katika fiqhi yetu, mtu akimtolea mwenziwe gharama iliyo juu yake bila ya idhini yake, huhisabiwa kuwa amejitolea, na hana haki ya kurejeshewa. Akitoa kwa idhini na kwa sharti, ana haki. Kwa hivyo wakitoa hivi hivi, leo watatoa thuluthi, na mwakani wataambiwa nusu, na siku ya tatu wataambiwa njia ni yenu, si mlijenga wenyewe? Basi wasitoe ila kwa maandishi: kwamba njia hii ni ya umma na itabaki kuwa ya umma, kwamba wakaazi wametoa kiasi kadha kwa kazi kadha, kwamba matengenezo ya baadaye ni juu ya nani, na kwamba kazi isipofanywa mpaka mwezi fulani mali itarudi kwa wenyewe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni lenye muda, katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani. Sisi twaisoma kwa tajwidi nzuri, na tukifika sokoni twapeana mikono tu.

Na mali ikikusanywa, ikusanywe vipi? Hapa ndipo panapoharibika mambo mengi ya kheri katika miji yetu, basi tutakaa kidogo.

Wengine hupenda kusema kila nyumba itoe sawa, na huona huo ndio uadilifu. Sivyo. Mwenye nyumba ya ghorofa nne, aliyeipangisha yote, na maji yake yote yaingia mtaroni, si sawa na mjane akaaye chumba kimoja na wajukuu. Mpangaji si sawa na mwenye nyumba. Njia ikitengenezwa, thamani iliyopanda ni ya mwenye jumba, naye mpangaji huenda akapandishiwa kodi kwa uzuri wa njia aliyoichangia mwenyewe! Na mwenye duka la jumla ambaye malori yake ndiyo yaliyoivunja njia asijifiche nyuma ya hesabu ya nyumba kwa nyumba. Kanuni yetu ni ya kuwa manufaa na gharama huandamana. Mwenye kuchuma zaidi hubeba zaidi. Na asiye na kitu asaidie kwa mkono, kama alivyosema Al-Mawardi, na mkono wake uandikwe katika daftari kama inavyoandikwa shilingi ya tajiri, ili asije akaonekana ni mtu wa kusaidiwa naye ametoa jasho.

Je, asiyetaka kutoa alazimishwe? Katika kauli mpya ya Imam Shafi, mshirika hawezi kumlazimisha mwenziwe kujenga ukuta wa shirika ulioanguka. Lakini atakaye kujenga kwa mali yake hazuiwi. Tukiutazama mfano huo, wakaazi hawana ruhusa ya kumtangaza mtu msikitini, wala kumkatia maji, wala kumzuilia njia mgeni wake. Ila udhia ni mlango mwingine. Mwenye kuachia maji machafu ya chooni kwake yatoke njiani huzuiwa, apende asipende, na hilo si mchango. Ni dhuluma yaondolewa.

Na mali hiyo isitoke katika Zaka. Tumesikia mtu akishauri hivyo. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa, na kwa madhehebu yetu njia na mitaro haimo. Kadhalika isichukuliwe katika mapato ya wakfu wa msikiti kwa hoja kwamba njia yaelekea msikitini. Sharti ya aliyeweka wakfu yafuatwa. Ama nyumba ya wakfu iliyoko katika mtaa, hiyo ni kama majumba mengine, na nadhiri wake atoe fungu lake katika kodi za nyumba ile, kwani kuitunza wakfu hutangulia kugawa mapato yake, na nyumba ambayo maji yala msingi wake haitadumu kuwa wakfu. Sadaka ya kujitolea ndiyo mlango wake mkubwa, na ni katika sadaka zijirizo. Kila apitaye salama baada yako una fungu.

Atakayeshika mali wawe watu watatu, na asiwe katika hao mwenye kuuza saruji wala mawe, wala jamaa ya fundi. Hesabu isomwe mbele ya watu kila Ijumaa baada ya sala, aliyetoa na kilichotoka, hata kikiwa ni shilingi mia za maji ya kunywa ya wachimbaji. Hatusemi hivi kwa kuwatuhumu ndugu zetu. Twasema kwa kuwa tumeona mchango mmoja uliopotea ukaua michango kumi iliyokuja nyuma yake, na wale walioshika mali ile huenda hawakula hata senti, ila hawakuandika.

Sasa turudi kwetu wenyewe, kwani si haki kumhesabia mwengine dhambi zake tukazifunika zetu. Huo mtaro uliziba kwa nini? Tulisimama juu yake tukatazama wakati vijana walipoingiza koleo. Yaliyotoka yalikuwa mifuko, chupa, nguo za watoto, maganda ya madafu, na kifusi cha nyumba iliyojengwa upya mwaka huo huo. Hakuna katika hivyo kilicholetwa na serikali. Na vibaraza na ngazi zilizosogea mbele shibiri moja kila zinapojengwa upya, mpaka njia iliyokuwa yapita magari mawili sasa hupita moja na nusu, hizo ni za nani? Mtume (S.A.W.) alihukumu ya kuwa watu wakizozana juu ya njia, iwekwe dhiraa saba. Mwenye kuongeza ngazi na apime. Na wale wenye kuketi barazani na wakumbuke kwamba Mtume aliwaonya masahaba na kuketi njiani, na walipomweleza hawana budi kwa mazungumzo yao, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mwenye kuketi anaona mtoto wa jirani akitupa mfuko mtaroni naye asiseme neno, ameshika kiti bila ya kulipa kodi yake.

Na tukisema fedha hatuna, tusiseme kwa sauti kubwa. Katika mtaa huo huo, mwaka huo huo, tuliona arusi ambayo hema lake lilifunga njia siku tatu, na wapishi waliletwa kutoka mji mwengine, na chakula kilichobaki, tunamwomba Mungu atusamehe, kilimwagwa katika ule ule mtaro. Hatuharimishi walima, walima ni sunna. Lakini gharama ya hema peke yake ingalichimba mtaro wote mpaka kwenye njia kuu.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Aliyekwenda Lamu ameona njia zake, nyembamba kiasi cha punda mwenye mzigo kumbana mtu ukutani, na mfereji wapita kando yake, na mji huo ukaingizwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2001 kwa sababu ya majumba na njia hizo hizo. Mji ule haukudumu kwa fedha za wageni. Umedumu karne nyingi kwa kuwa kila nyumba ilijua maji yake yanakwenda wapi. Na Mombasa, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, palikuwa na reli ndogo za magari ya kusukumwa na watu, zikipita njia kubwa. Ile ya kati ilikuwa ya wote, na waliokuwa na uwezo walitoa tawi la kufika milangoni kwao. Hatuisifu siku hizo, kwani waliosukuma walikuwa ni wanadamu na waliokaa ndani walikuwa ni mabwana. Twaitaja kwa kuwa mpaka ulikuwa wazi: hapa pa wote, hapa pangu. Leo mpaka umefutika, na kila upande unaurusha mzigo kwa mwenziwe, na mzigo umelala katikati ya njia.

Na mfano alioupiga Mtume (S.A.W.), wa watu waliopigiana kura katika jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini, nani asiyeujua katika watu wa pwani? Wa chini wakitaka maji huwapitia wa juu, wakaona bora watoboe tundu kwao wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono watasalimika wote. Twaomba ndugu zetu waangalie kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamechoka kupanda ngazi. Na wale wa juu, kama wangaliwateremshia ndoo, lisingalikuwako tundu la kuzungumzwa. Katika jahazi letu, wakubwa wa mji ndio wa juu.

Basi jawabu ya walioulizia ni hii. Vichochoro viwili visivyopenya, na mitaro yake mpaka itokapo njiani, ni juu ya wenye milango ndani yake, wala wasingoje mtu. Njia ipenyayo asli yake ni juu ya mfuko wa umma, na kuidai ni haki, na kuiacha kuidai ni upungufu. Kutoa thuluthi waliyoombwa si wajibu juu ya mtu mmoja mmoja, lakini ni katika kusaidiana katika wema, na udhia uliopo haufai kungojewa mpaka makadirio ya mwakani. Basi wenye uwezo na watoe, kwa sharti ya maandishi tuliyoyataja, na kwa sharti ya kuonyeshwa hesabu ya zile thuluthi mbili. Asiyetoa asivunjiwe heshima. Na wale wasemao hatutoi, kwa kuwa ndio wajuao sheria na haki zao kuliko wengine, wao ndio tuwaombao waandike barua na wahudhurie mkutano wa makadirio, kwa niaba ya mtaa wote, na huo uhisabiwe kuwa ni mchango wao katika daftari.

Tumezungumza na yule mzee, na tumezungumza na kijana wake. Mzee alisema: mimi sikumkataza kutoa, nilimkataza kunidharau. Kijana alisema: mimi sikumdharau ami, nilikuwa nimemzika nyanya yangu na nguo zangu zikinuka. Wameamkiana. Kazi ya mtaro wa kichochoro cha kwanza itaanza Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Mwenye koleo aje na koleo, mwenye karai aje na karai, na tumeambiwa mzee huyo ameahidi kutoa mkokoteni wake wa kuchukulia kifusi. Kifusi kitapelekwa jaani, si mwisho wa njia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.